Pua ya Bibi Jeom-rye na Mduara Mwekundu wa Lenzi Yangu

Mpendwa Bibi Mal-sun,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, na naomba msaada wako bila kutaja jina langu, maana mke wangu husoma safu yako kila asubuhi.

Nina miaka hamsini na tisa, nilistaafu posta mwaka jana, wanangu wakaninunulia kamera ya kuanzia, ile inayokuja na lenzi mbili sandukuni, fupi ya milimita kumi na nane hadi hamsini na tano, na ndefu inayoendelea hapo hadi mia mbili, nikafurahi sana, nikajiunga na chama cha wapiga picha hapa Jecheon, na siku ya kwanza tu Bwana Tak, ambaye lenzi yake moja ni nzito kuliko mjukuu wangu, akaishika lenzi yangu fupi kwa vidole viwili akasema mbele ya wote, "Ndugu, hii si ile ya sandukuni? Hii ni kama kimchi ya mgahawani, kabichi chachu inayoletwa mezani hata hujaagiza." Wakacheka, nikacheka nao, na kuanzia siku hiyo wiki tatu nzima nikawa nalinganisha lenzi kwenye simu, fupi na ndefu, na ile ya kati inayofanya kazi ya zote mbili, ya kumi na nane hadi mia moja thelathini na tano, nikisoma watu wazima wakitukanana kuhusu ukali wa pembe za picha, na mwisho sikununua yoyote, ila nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu nikapaka mduara mwekundu kwenye mdomo wa lenzi yangu, kama ule wa lenzi za wenye nazo, na maandishi nikayaziba kwa mkanda mweusi.

Hiyo ni aibu, lakini siyo iliyonifanya nikuandikie.

Mwezi wa nne chama kilikwenda kijiji kimoja cha milimani, upande wa Jeongseon, kuwapiga wazee picha za maisha marefu, zile zitakazowekwa msibani katikati ya maua meupe siku yao ikifika, na mimi nikapangiwa Bibi Jeom-rye, miaka themanini na tisa, anaishi peke yake, alikuwa ameamka alfajiri kujiandaa, amevaa hariri ya kijani aliyoivaa kwenye harusi ya mpwa wake, na mdomoni amepaka rangi kidogo. Bwana Tak alisimama ubavuni kwangu ameshika ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Sasa lenzi yangu, Bibi, ukiizungusha ili uvute uso karibu, inatoa shingo kama kobe, na ile niliyokuwa najifanya ninayo haitoi shingo, kwa hiyo sikuizungusha, niliiacha kwenye kumi na nane, nikamsogelea bibi wa watu hadi goti langu likagusa lake, na kwenye kioo cha kamera nikaiona pua yake ikivimba na masikio yakikimbilia nyuma, nikaona kabisa, na nikabonyeza.

Mwezi uliofuata tukapeleka picha zikiwa kwenye fremu. Aliiangalia yake muda mrefu. Akauliza, "Huyu ndiye mimi?" Bwana Tak akaitazama picha, kisha akaitazama lenzi yangu. Na mimi nikasema, "Bibi, lenzi nzuri haidanganyi. Inaonyesha mtu alivyo."

Akajigusa pua. Akasema, "Kumbe ndivyo nilivyozeeka." Kisha akanifungia viazi vya kuchemsha nile njiani.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kijiji kanipigia simu. Fremu imegeuzwa ukutani. Haendi tena kwenye ukumbi wa wazee, na akitoka hufunika uso kwa barakoa mpaka chini ya macho. Moyo wake umechoka, daktari kasema, na yeye kamwagiza mpwa wake kwamba siku yake ikifika wasiweke picha yoyote.

Nishauri. Ninunue ile lenzi ya kati nikampige picha upya? Au hiyo ndefu niliyo nayo ingetosha? Au niipunguze pua kwenye kompyuta, nimtumie kwa posta, niseme ni picha nyingine ya siku ileile? Kumtazama machoni siwezi.

Ni mimi,
Aliyepaka Rangi

*

Wewe Aliyepaka Rangi,

Kurasa mbili za makosa, na swali lako ni lenzi gani ununue. Haya, tuanze na lenzi, ili usipate pa kujificha.

Miaka arobaini na moja nimeuza kamera zilizotumika pale soko la Namdaemun, kibandani, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Shule sikuiona. Namba zilizochongwa kwenye lenzi ndizo namba nilizojifunza kwanza, na hizo sikosei. Lenzi yako ndefu ni ya ndege korongo mtoni na ya mjukuu akishindana mbio; kwa kumpiga mtu picha chumbani mwake, inaanzia pale fupi inapoishia, na ukiivuta utajikuta umesimama kwenye kabichi za jirani. Ile ya kati nimewauzia watu wengi wasiopenda kubadilisha lenzi, na haina ubaya, ila ni nzito, na kwa uso wa mtu mmoja haikuongezei kitu. Hiyo fupi unayoionea haya, ukiizungusha hadi hamsini na tano ukarudi nyuma hatua tatu, kila kiungo cha uso kinakaa mahali pake. Kumi na nane ni kwa milima, na kwa harusi yenye mashangazi wengi. Ukimsogelea mtu hivyo, kilicho mbele kinavimba. Hata bibi harusi angetoka na pua ya kiazi.

Kwa hiyo usinunue kitu. Dawa ilikuwa kugeuza mkono kidogo tu, na hukugeuza, kwa sababu ya shingo ya kobe.

Eti kimchi ya mgahawani. Ungemjibu Bwana Tak hivi: ni kweli inaletwa bila kuagizwa, lakini kimchi ikiwa mbaya, nani anarudi kwenye mgahawa huo? Na usidhani ulimdanganya. Umeandika mwenyewe kwamba aliitazama picha akaitazama lenzi. Mtu anayebeba lenzi nzito kuliko mtoto anaijua rangi ya kucha akiiona. Alijua akanyamaza, na bibi akabeba mzigo wenu wawili usoni mwake.

Mwanangu, kukosea picha si dhambi. Mimi nimewahi kumuuzia mtu kamera isiyo na kioo ndani na wote wawili hatukujua. Dhambi yako ni lile neno. Mtu mzima amekaa na hariri yake, anakuuliza kama huyo ni yeye, na wewe, ili kulinda duara la rangi, ukamwambia ndivyo alivyo. Akakuamini. Akakufungia na viazi. Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikaenda kufua, maana ningekujibu matusi.

Hiyo ya kompyuta usithubutu. Ukimpunguzia pua utakuwa umemwambia mara ya pili kwamba ina kasoro.

Mama yangu alizikwa bila picha. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Leo nikifumba macho naiona mikono yake, naliona hata kovu la kidole gumba, uso siuoni. Huyo mpwa atakaa mbele ya maua meupe siku tatu akiwapokea wageni, na watu watainama kuaga mahali patupu. Hicho ndicho kilichopo mbele yako, si lenzi.

Sasa sikiliza. Mwombe mke wako dawa ya kufutia rangi ya kucha. Atauliza ya nini. Mwambie yote, ni mazoezi. Rangi usiifute nyumbani. Nenda kwa Bibi Jeom-rye kesho, siku isiyo ya chama, na keki laini za mchele, maana meno ya miaka themanini na tisa unayajua. Kabla hujakaa, sema: "Bibi, uso wako hauna kosa. Nilisimama vibaya kwa sababu ya majivuno, kisha nikakusingizia." Akisema si kitu, usikimbilie kulipokea hilo neno, rudia. Ndipo uvue mkanda na uifute rangi mbele yake, aone ni kitu gani kilimvimbisha pua. Akikukaripia, inamisha kichwa. Akicheka, kaa ule naye.

Bwana Tak atasikia baadaye, kwenye mkutano wa chama, kutoka kinywani mwako.

Kisha mkalishe karibu na mlango, mwanga umjie ubavuni. Rudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Zungusha mpaka hamsini na tano. Shingo ya kobe itoke yote.

Mwonyeshe. Na akiuliza tena, "Huyu ndiye mimi?", wewe nyamaza. Mwache ajijibu mwenyewe.

Bibi Mal-sun