Sura ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Bila mimi hekalu letu lingefungwa zamani. Nani alifufua feni ya madhabahuni kwa kisu cha jikoni, macho kayafumba? Mimi! Bwana Krishna mwenyewe anapata upepo kwa hisani yangu.

Leo nilikwenda kwa dada mkubwa. Miezi saba tangu shemeji afariki, hajaimba. Hekaluni anakaa tu, mdomo kaufunga. Eti sauti imekatika, haifai tena mbele ya Bwana. Nikamwambia Kitabu Kitakatifu kinaruhusu. Akauliza wapi. Nikasema — sura ya kumi na tisa! Bwana huipenda zaidi sauti iliyokatika.

Kwetu Kitabu kikisema, hakuna wa kubisha. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nimekisoma mara kumi na moja, moja nikiwa na malaria.

Jumanne, 4 Machi
Dada kaimba! Mstari mmoja, akianika nguo. Nilikuwa nyuma ya shuka. Sikutoka.

Jumatano, 5 Machi
Mpwa wangu, binti wa dada, anafanya kazi kiwanda cha uchapaji. Kuhesabu kurasa ndio mkate wake. Kaja na Kitabu kwapani.
"Mjomba, sura ni kumi na nane."
"Wachapaji wa siku hizi mnabana karatasi."
"Mjomba!"
Nikakohoa. Akasema mama yake kaimba tena asubuhi, kwa hiyo yeye hasemi kitu. Eti nitamwambia mwenyewe. Mtoto ana roho ngumu, sijui karithi wapi.

Alhamisi, 6 Machi
Makubwa! Dada kawasimulia watu hekaluni habari za sura yangu. Nilidhani nimekwisha — kumbe wapi. Fundi cherehani anasema sura hiyo kaisoma mara mbili. Mwenye duka la vioo anasema ni fupi lakini nzito. Mwenyekiti wa hekalu kadai ndiyo inayokataza ndala ukumbini! Hakuna aliyefungua Kitabu. Wote wananitazama kwa heshima. Nami nikatikisa kichwa, taratibu, kama msomi.

Jumamosi, 8 Machi
Kesho anakuja mwalimu mgeni, anayefundisha Kitabu tangu ujana. Mwenyekiti kapanga: mimi nisome sura ya kumi na tisa, halafu niongoze wimbo na dada.
Nimeanza kusoma, angalau nijue pa kuiingiza. Ukurasa wa kwanza ni vita na majina. Nikasinzia kwenye jina la tatu.

Jumapili, 9 Machi
Naandika nikiwa stoo ya hekalu, kati ya feni mbovu. Nimefunga komeo.

Mwalimu ni kijitu chembamba, mcheshi. Mwenyekiti akaisifia sura mpaka jasho likamtoka. Mwalimu akauliza inasemaje. Kabla sijafungua mdomo, dada akasimama: "Inasema Bwana huipenda zaidi sauti iliyokatika." Na sauti yenyewe ilikatika palepale.

Mwalimu akafunua Kitabu. Akafunua tena. Fundi cherehani akaanza kutazama dari. Mwalimu akasema neno lolote la mtu lazima lipimwe na Kitabu, si Kitabu kipimwe na mtu. Halafu akasema Kitabu kipo ili kumfikisha mtu kwa Bwana, na huyu mama anaonekana yuko njiani. "Lakini aliyemwelekeza aje mbele, tujue kapitia wapi."

Nikasema nakwenda kukagua feni.

Mpwa anagonga. "Mjomba, toka! Mama kashajua. Anasema kumi na tisa au kumi na nane, yeye ataimba. Anakusubiri uanzishe!"

Nianzishe nini? Hapa naandika, hakuna atakayesoma: sijui wimbo hata mmoja. Miaka thelathini nimekaa karibu na dada, nikifuata mdomo wake. Alipoufunga, nami nikawa bubu, nikisingizia mafua. Miezi saba ya mafua!

Anagonga tena. Na sasa, nyuma ya mlango, kuna mwingine anayekohoa kusafisha koo, kama dada afanyavyo kabla ya kuimba.