Muzee na picha zake za gazeti

Beechmont, Louisville

Yaya Furaha, dada yangu mukubwa,

Magoti inaendelea aje? Ile dawa ya kupakaa nilituma na Mama Riziki ilifika, ao alijipakaa yeye? Namujua ule mama. Huku tuko wazima, Mungu anatulinda, ni baridi tu inatutesa.

Bon, nikuambie mambo ya kazi. Unajua naoshaka wazee mu nyumba ya kutunzia wazee. Sasa iko muzee moja muzungu, mukaidi kabisa! Anafunga kinywa sawa mutoto, hakuli mupaka mutu amusomee kitabu yake. Babu yake alikatakata picha za kuchekesha mu magazeti ya zamani sana, akazibandika mule. Mimi kizungu nasema kidogo, lakini kusoma, na wapi! Mukubwa wetu wa kazi, mama moja wa Kenya, akaniambia: "Dada, huyu mzee atakufa njaa. Nitaleta mtu anayejua kusoma, wewe urudi kufua." Kufua! Ile dawa ya nguo ilikwisha kunichuna mikono. Na muzee nimemuzoea. Nikasema: "Madame, nipe wiki moja."

Nikafungua kitabu. Yaya, usicheke. Naona vitu ya duara inatoka mu vinywa vya watu, nikasema ni moshi ya baridi, sawa ile ilikuwa inatutoka kule Buffalo mbele ya kuhamia huku. Nikamuambia muzee: "Maskini, hawana makoti!" Akaniangalia sawa mbuzi. Ni binti yangu Neema alinielezea: "Mama, mule ndani ni maneno mutu anasema." Akacheka siku mbili, na akapigia simu binamu yake wa Columbus ili naye acheke.

Donc kila siku nikitoka kazi, Neema ananifundisha picha moja. Ile ya kwanza, mutu anaanguka ku ngazi, miguu juu, ndoo ya rangi ku kichwa. Mbele ya muzee nikacheka palepale. Akanikaripia: "Bado! Soma kwanza!" Nikasoma herufi kwa herufi, jasho inanitoka: "Usiogope, mke wangu, nashuka muzuri tu."

Nikafunika maneno na mukono: ni mutu anaanguka, huruma. Nikafunika picha: ni bwana anaongea na bibi yake, hakuna kitu. Nikatoa mukono: aah! Kinywa inasema hivi, miguu inasema vile! Nilicheka mupaka nikakaa ku kitanda ya muzee, na tunakatazwa. Naye akacheka, kinywa wazi, nikamutia kijiko. Supu ikaisha yote.

Kumbe madame alikuwa ku mulango. "Haya dada, baki naye. Lakini toka kwa hicho kitanda."

Sasa sitaki tena mutu anihurumie ati sijue kusoma. Hata ndani ya basi natembea na karatasi ya maneno, nasoma kwa nguvu, watu wanageuka. Wageuke! Kitabu iko na kurasa mingi, na muzee anaisha kidogo kidogo. Jana nikamuambia: "Nitaisoma yote. Usikufe mbele ya sisi kumaliza."

Akanijibu: "Basi usome polepole."

Nisalimie shemeji fundi wa baiskeli, na shangazi muuza samaki. Shangazi umuulize kama ni kweli ametoka mu kwaya sababu ya kitambaa ya sare. Anijibu yeye mwenyewe, nataka yote.

Nakukumbatia, yaya.

Mudogo wako,
Esperance