Ngazi Tuliyoihukumu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wapwa zangu. Mimi ni salama, ila mgongo unalalamika, na mgongo wa kibarua haujawahi kunyamaza.

Uliniuliza ni nini hasa kilichomuua mumeo, shemeji yangu, maana waliokuja mazishini kila mmoja alisema lake. Nisamehe nimechelewa kukujibu.

Hapa kazini sote tulisema ni ngazi. Kipandio kilikatika akiwa juu na ndoo ya zege, akaangukia sakafuni. Kesho yake hakuna aliyetaka kuigusa. Mpaka rangi wetu aliipiga teke, akaitukana kama mtu. Ndipo karani wa stoo, tunayemwita Kamusi kwa kuwa hakupi hata misumari bila kukufundisha kitu, akatuambia kwamba Waingereza wa kale walikuwa na neno la jambo hilo: deodand, yaani kitu cha kupewa Mungu. Gurudumu likimponda mtu, au farasi akimpiga mtu teke akafa, watu waliitwa wakaketi, wakakitia hatiani kile kilichoua na kukitajia thamani, mfalme akakichukua, ati kiwe sadaka. Wakaishi hivyo mamia ya miaka, hadi treni zilipoanza kuua watu. Wenye treni hawakutaka mali yao ihukumiwe. Sheria ikafutwa, neno likabaki vitabuni.

Tulicheka. Mpaka rangi alisema basi mfalme huyo alikuwa na ngazi nyingi kuliko fundi yeyote. Lakini wazo lilitupendeza. Tukaihukumu ngazi yetu, tukaikatakata, mama anayetupikia akapata kuni. Nyapara akaandika kwamba ngazi ilikuwa mbovu. Msumeno niliushika mimi, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, nilikula nikashiba.

Dada, shibe ile ndiyo inayonitesa. Kwetu hapa chombo kibovu hufungwa kitambaa chekundu, asikiguse mtu. Ngazi ile ilikuwa nacho. Asubuhi ya ajali bati lilinikata kidole, damu ikakataa kukoma, nikakifungua kitambaa nikajifunga, nikijiambia nitaweka kingine sasa hivi. Nikaitwa kupakua matofali, nikasahau. Shemeji unamjua, hakupanda kitu bila kukitazama. Alitazama, hakuona alama, akapanda.

Nilimuuliza Kamusi, tukiwa wawili, kama yule aliyeliachia gurudumu alihukumiwa pia. Alikitazama kidole changu, akasema hilo hakulisoma.

Nimekaa na neno hili miezi minne. Kitambaa kimo ndani ya bahasha hii. Nimekifua mara nyingi, doa haliondoki. Ni damu yangu, si yake. Waonyeshe wakwe zako. Mkiniita nitakuja, mkisema nisikanyage hapo, nitaelewa. Ngazi imeshakuwa majivu. Mimi bado nipo, na hukumu ni yenu.

Wapwa zangu nawasalimu, kama utaona inafaa kuwafikishia salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako, uliyembeba mgongoni.