Kuku Aliyetoka Chunya

Ipogolo, Iringa

Mdogo wangu mpendwa Bertha,

Watu wengi hukosea wakidhani kwamba aliyeuguza au aliyezika ndiye peke yake mwenye la kusimulia kuhusu siku za korona. Nawe umekosea vivyo hivyo. Lakini kwanza salamu. Kamwene. Vumbi la Chunya mnalionaje? Kifua cha shemeji kimetulia? Huku baridi imetubana, lakini sote tu wazima.

Uliniambia kwenye simu kwamba huna cha kuchangia, kwa sababu mama alikufukuza ulipokuja kumwona. Ngoja nikueleze kazi yetu. Sisi wastaafu wachache tunakusanya simulizi na vitu vya siku zile, tuvihifadhi parokiani. Takwimu zina wenyewe. Sisi tunataka ndoo ya kunawia mlangoni, blanketi la kujifukizia, salamu za viwiko. Mzee Anord ameleta barakoa ya kitenge, akadai mkewe aliishona kubwa makusudi imzibe mdomo, mama wa watu apumzike na maneno yake. Tulicheka sana.

Jana alikuja Eveline, jirani aliyemuuguza mama wakati mimi nikiwa Mbeya. Akaketi, akaomba nimrekodi.

Alisema ulipobisha hodi siku ile, mama alikuwa tayari na homa, amejifunika blanketi juu ya mvuke wa mikaratusi. Alimwapisha Eveline asikwambie, maana alijua ungeingia tu. Ndiyo sababu alikusemesha dirishani kwa ukali, na kuku uliyemletea hakumpokea kwa mikono miwili kama ilivyo kwetu, akakuamuru umfunge kwenye mpera urudi zako. Ulipoondoka akaomba kitanda kisogezwe dirishani, akaitazama barabara mpaka basi la Mbeya likapita.

Kisha akataka kuku aletwe ndani. Eveline alipotaka kumchinja amchemshie supu, mama alimfokea aondoke na kisu chake: huyo ametoka mikononi mwa Bertha. Kila asubuhi alimlisha mahindi akimwambia, Kamwene, Bertha. Siku anafariki, kuku alikuwa amelala miguuni pake.

Sauti ya Eveline tumeihifadhi, lakini simulizi yake inaanzia ukiwa umeshafika mlangoni. Safari yako na huyo kuku mapajani hakuna anayeijua ila wewe.

Wasalimie shemeji na watoto. Eveline anakusalimu, na anasema siku ukija kusimulia, kiti chako kipo.

Leo, kabla hujabandika chakula cha jioni, washa simu ujirekodi, uanze pale ulipomkamata kuku.

Kaka yako,
Liberatus