Fisi wa Mwalimu Mgaya

Makambako, Alhamisi

Mwalimu Mgaya analala mahabusu usiku wa pili. Ameniambia mkewe, Mama Neema, alipotoka kumpelekea chakula.

Kosa lake ni igizo alilowatungia wanafunzi wake kwa mahafali ya shule. Fisi anapewa kazi ya kulinda mianzi ya kijiji, anakunywa ulanzi wote, pombe inayogemwa kwenye mianzi hiyo, kisha anawasingizia nyuki. Hakutajwa mtu. Ila wazazi walicheka huku wamegeuka kumtazama mgeni rasmi, diwani wetu, ambaye bado hajaeleza mbolea ya ruzuku ilikokwenda.

Leo mpelelezi aliniita, kwa kuwa nilikuwepo kwenye mahafali kuyatangaza redioni.

"Mwandishi, yule fisi ni nani?"

"Mtoto wa darasa la saba aliyejifunika gunia."

"Usinichezee, kaka. Kila mtu anajua."

"Basi andika kwamba kila mtu anajua, afande."

Hakucheka. Anahitaji shahidi mmoja wa kusema fisi ni diwani. Wazazi wote wamesema walichekea mkia. Diwani mwenyewe hataki kutoa maelezo, maana itabidi aseme kwamba alijitambua. Nimebaki mimi.

Mhariri wangu alipiga simu jioni. Anasema nisaini tu maelezo ya polisi, redio yetu ni ndogo na leseni inakaribia kuisha. Naogopa, na sioni sababu ya kulificha hilo hapa.

Mama Neema hakuniomba chochote. Aliniuliza tu kama kule ndani wanapewa blanketi. Baridi ya leo...

Kesho saa tatu asubuhi narudi polisi. Maelezo yangu, kwamba fisi ni diwani, wameshayachapa wao, yanasubiri saini.