Neno Lililowekwa Mbele ya Jina la Baba

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
12 Machi

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu. Mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima wote, na hilo "wote" nimeliandika makusudi.

Bahasha yako ilifika Jumatatu. Ulisema nitie sahihi penye alama ya kalamu, niirudishe upesi, tena nisimsumbue mzee. Hapo roho ikasita. Tangu lini karatasi za nyumba ya Baba zikawa siri kwa Baba?

Nikazisoma kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Mbele ya jina lake pameandikwa "late". Neno hilo nalijua. Mwalimu wa zamu aliliandika daftarini kila nilipochelewa shule. Nikacheka peke yangu hapa kwenye cherehani. Nikadhani wateja wamemshtaki, maana unamjua Baba, fundi viatu wetu, na "njoo kesho" zake.

Lakini kicheko hakikukaa. Nikashuka kwa mpangaji wa chini, yule mwalimu mstaafu. Akavaa miwani, akasoma mara mbili.

"Pole sana. Baba yako amefariki lini?"

"Nimemwacha juu anakunywa chai!"

Akanieleza kwamba neno hilo likitangulia jina la mtu, basi mtu huyo ni marehemu. Nikamwuliza kama halina maana nyingine. Kaka, nilitaka sana liwe nayo. Akasema zipo, ila si mahali hapo.

Sitaki kukuwazia mabaya. Labda aliyechapa alikosea. Lakini si yeye aliyeniambia nisimsumbue mzee.

Sikutia sahihi. Jana nilimweleza Baba. Akavaa koti, tukaenda ofisi ya ardhi. Karani akazitazama karatasi, akauliza, "Cheti cha kifo mnacho?"

"Sina," Baba akamjibu. "Sijafa bado."

Karani akatoa nakala ya kitambulisho cha Baba, akaandika jaladani kwamba mwenye nyumba yu hai na hajamruhusu mtu kuhamisha umiliki wake.

Njiani Baba aliniuliza jambo moja tu, nami nakuletea wewe ulijibu: alikukosea nini?

Shangazi na mapacha wanakusalimu. Baba hakuniagiza salamu. Amesema simu yake iko wazi, na sauti yake utaitambua. Mungu akulinde, akupe na moyo wa kuipiga.

Mdogo wako, akupendaye hata sasa,
Kifungo