Marekani Yetu Imekufa

Aabo,

Assalamu alaikum, baba yangu, huko uliko. Sina habari njema, na sitajifanya ninazo.

Zahanati uliyoilinda miaka yote ile bado imefungwa. Bendera ya Wamarekani iliyochorwa getini, uliyokuwa ukiipangusa vumbi, imebabuka, na mbuzi wa jirani wanajikunia hapo. Nilipowaona nilifurahi. Unisamehe au usinisamehe, nilifurahi.

Mtaa wetu mzima wa Iftin ulikuita Marekani kwa sababu ya ulinzi huo, nawe ulilipenda jina. Walipofungasha vitu wakisema pesa zimekatwa huko kwao, ulibaki na funguo. "Watarudi," ulisema. "Taifa kubwa halisahau watu wake." Watu wake, Aabo! Ukaanza kuzipunguza sindano zako za sukari ili zikufikishe siku hiyo, nusu dozi, kisha robo. Hospitali kuu iko hapo tu, mwendo mfupi wa tuktuk, lakini ulikataa, eti kwenda kutibiwa kwingine ni kuwavunjia heshima. Wao walikuaga kwa heshima gani?

Siku uliyofariki, Adeer Bare alimpigia simu nesi Mwende, yule aliyekuwa akikupima pale zahanati. Unakijua Kiswahili cha mdogo wako. "Sista, Marekani imekufa." Nesi akajibu, "Hiyo tunajua, mzee, si ndiyo maana sina kazi." Adeer akapaza sauti, "Habana! Marekani yetu! Ya hapa nyumbani!" Nikamsikia nesi akilia kwenye simu. Waliokuja kutupa pole walicheka kidogo walipohadithiwa. Mimi sikuweza. Kwenye "imekufa" Adeer alikosea herufi moja tu, "i" badala ya "a", na bado alilosema lilikuwa kweli.

Sasa kwenye hoteli ya chai wanaume wanabishana kila alasiri kama Marekani imekwisha. Mmoja anawataja Wachina na barabara zao, mwingine Waturuki, wa tatu anaapa kwamba dola bado ni dola. Wanashangilia utadhani wanatazama mpira. Mimi napita na dumu langu la maziwa na hasira zangu. Kama wanaanguka, si waangukie kwao? Kwa nini watuangukie sisi? Na kama hawaanguki, wametuchoka tu, wewe uliye kaburini inakupunguzia nini?

Nawe pia nakukasirikia. Nakupenda na nakukasirikia, na sijui lipi lianze.

Sasa ni Hooyo, mama yangu. Sukari yake imepanda, miguu inavimba, naye amerithi ugonjwa wako wa pili, wa kungoja. Kila asubuhi ananiuliza kama wamefungua. Nimekuwa nikimjibu "bado" kwa upole, kama ulivyomzoesha. Kesho nitamwambia hawarudi. Atalia, najua, na atasema nakutukana wewe. Alie tu. Akimaliza nitampandisha tuktuk, nimshike mkono, twende hospitali kuu tukapange foleni na watu wengine, hata tukishinda huko na kurudi kesho yake.

Pumzika, Aabo. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Wewe nilikuzika ukiwangoja. Hooyo sitamzika hivyo, wallahi.

Binti yako,
Sahra